Pua ya Kuazima

Povu la sabuni lilitulia kwenye shingo ya mtungi wa gesi, jeupe, zito, bila kutoa hata kiputo kimoja. Bega alikuwa amepiga magoti sakafuni, brashi mkononi, akilitazama kama mtu anayemsubiri mgonjwa aseme neno. Aliporidhika, alipaka jingine pale mpira ulipounganika na jiko, akasubiri tena.

"Unausugua huo mtungi kama unaogesha mtoto," alisema Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Mungu alitupa pua ya nini?"

Bega alitabasamu bila kugeuka. Akamjibu kwamba pua hupata mafua, lakini povu halipati. Jibu hilo alikuwa nalo tayari siku zote, akimpa kila mteja aliyeuliza, na wateja walicheka, mambo yakaisha.

Hawakumwita Bega bure. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa akipandisha mitungi ya gesi kwenye ngazi za maghorofa, yote juu ya bega la kulia, hata bega lile likashuka chini ya mwenzake kwa upana wa vidole vitatu. Ukimwona kwa mbali hana mzigo, ungedhani bado amebeba kitu.

Kazi ile ilimwingiza jikoni kwa watu, na jikoni ndiko watu wanakosema wanachokiamini. Kila nyumba ilikuwa na dini yake ndogo. Wapo waliolaza mtungi chini gesi ilipokaribia kwisha, wakisema kuna iliyojificha pembeni. Wapo walioutumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Mama mmoja aliufunika mtungi kitambaa kibichi kila mchana ili usishikwe na homa. Wengine walivalisha rimoti nailoni, wakaanika juani betri zilizokwisha, wakawakataza watoto kuchaji simu kitandani na wao wenyewe wakaichaji juu ya jiko. Bega aliwasikiliza wote. Alishajua kwamba mtu unaweza kumkosoa mwenendo wake, hata ukoo wake, mkabaki marafiki. Lakini ukimkosoa namna anavyochemsha maji, umemtukana.

Mwalimu alikuwa na imani nyingi kuliko wote. Aliishi peke yake ghorofa ya nne, mjane, amestaafu miaka sita iliyopita, watoto wake wametawanyika mbali. Aliamini friji nayo huchoka. Saa tatu usiku aliichomoa ukutani ili ipumzike, na asubuhi, taarifa ya habari ya saa moja ikiisha redioni, aliichomeka tena. Bega aliwahi kumwambia kwa adabu kwamba friji si ng'ombe wa kulima. Mwalimu akamjibu kwamba friji ile ina umri wa miaka ishirini na miwili, je, ya kwake ina mingapi? Bega hakuwa na friji. Mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo Bega hakuwa amemwambia Mwalimu wala mtu mwingine yeyote. Tangu homa iliyomlaza wiki mbili miezi minane nyuma, pua yake ilibaki tundu tu la kupitishia hewa.

Aligundua kwa sababu ya maharage. Mkewe alikuwa uani akianika nguo. Yeye alikaa hatua mbili kutoka jikoni akishona ndala iliyokatika. Maharage yakakauka, yakashika sufuria, yakaanza kuungua, na aliyesikia harufu ni yule aliyekuwa uani. Mkewe aliingia mbio, akaipua sufuria, akamtazama mumewe. Bega akasema alikuwa amesinzia. Siku zilizofuata alijijaribu kwa siri. Alinusa kitunguu kilichokatwa, sabuni, mafuta ya taa, hata shati lake la kazini. Vyote vilikuwa sawa na ukuta. Mwisho, kwenye stoo ya duka, alifungua vali ya mtungi mmoja kidogo sana, akainama. Aliusikia mlio wake, na baridi yake ikampiga mdomoni. Harufu haikuja. Alifunga vali akakaa chini.

Povu lilianza hapo. Wateja walidhani ni uangalifu, na sifa haina mguu lakini hutembea: ikafika dukani kwamba yupo mbebaji mmoja asiyeondoka nyumbani kwa mtu bila kupima. Mwenye duka, mtu mnene mwenye sauti nyembamba ambaye wote walimwita Bosi, akamsimamisha mbele ya wenzake na kumkabidhi funguo za stoo. Tangu siku ile yeye ndiye angefungua kila alfajiri. Kanuni ilikuwa moja: fungua mlango, nusa, ndipo uwashe taa.

Alikusudia kukataa. Lakini mshika funguo hupanda ngazi nusu siku tu, na mkewe alikuwa amelikanda bega lile kwa maji ya moto kila jioni kwa miaka. Alizipokea. Kila alfajiri alifungua milango yote miwili ya stoo, akakaa juu ya kreti barabarani mpaka kupambazuke kabisa, asiguse swichi. Bosi akamsifu tena, safari hii kwa kubana umeme.

Sasa, jikoni kwa Mwalimu, alifuta mikono na kusimama. Mwalimu alifungua friji amtilie maji ya kunywa, na humo ndani, kwenye sahani, Bega akaona nyama. Ilikuwa na rangi ya kijani kwenye kingo, na ute uking'aa juu yake. Mlango ulikuwa haujakaa wazi vizuri nzi wawili walipotua. Mwalimu aliwafukuza, akainua sahani mpaka karibu na uso wake, akavuta pumzi.

Alisema ingali nzuri. Ataipika jioni.

Bega aliishika glasi ya maji asiinywe. Alijua anachokiona kwa Mwalimu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliishi ndani yake. Alisema tu kwamba nyama ile imegeuka rangi, na Mwalimu akamwambia ni taa ya friji, taa za zamani hutia kila kitu ukijani. Bega hakubisha. Angebisha, angeulizwa kwa nini yeye anaangalia rangi badala ya kunusa. Kama jioni ile Mwalimu aliitupia mnyama wa barabarani nyama ile, au aliila, Bega hakuthubutu kuuliza.

Na siku hiyohiyo Mwalimu alimwomba amfundishe kubadilisha mtungi mwenyewe, ili gesi ikimwishia jioni asisubiri mpaka kesho. Aliwafundisha watu kusoma kwa miaka thelathini, alisema, hatashindwa na kipande cha chuma. Bega akamwonyesha: kaza hivi, hakikisha mpira mdogo wa ndani ya vali umekaa sawa, paka povu. Mwalimu alirudia hatua zote kasoro ya mwisho. Pua inatosha, alisema. Bega akamwachia mtungi wa akiba kando ya mlango.

Wiki mbili zilipita. Asubuhi moja, saa moja ndiyo kwanza imetimia, Bega aliingia kwenye jengo lilelile akiwa na mtungi wa mteja wa ghorofa ya pili. Chini ya ngazi alimkuta mfagiaji, mwanamke mwembamba aliyezoea kuwasalimia watu bila kuinua uso. Leo aliuinua. Alikuwa amejiziba pua kwa ncha ya kilemba.

"Kaka, huo mtungi wako unavuja," alisema.

Bega alitua mzigo, akachukua kopo lake la sabuni, akapaka. Povu likatulia. Akapaka tena kote kote. Kimya. Akainua macho kuzitazama ngazi.

"Si huu," alisema. "Harufu inatokea wapi?"

Mfagiaji alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua liko upande gani. "Si iko hapa hapa, imejaa. Kwani wewe huisikii?"

Swali hilo alilikimbia miezi minane. Alilikimbia nyumbani, alilikimbia dukani, na sasa limemkuta chini ya ngazi, mbele ya mtu ambaye hata jina lake halijui.

"Sisikii," alisema. "Pua yangu ilikufa. Tangulia, dada. Unakoisikia inazidi, twende huko."

Mfagiaji hakucheka wala hakuuliza. Aliegemeza ufagio ukutani, akatangulia. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, hushuka kama maji; kilichowafikia chini lazima kimetoka juu. Kwenye kila mlango mwanamke aliinama mpaka usawa wa kizingiti, akanusa, akatikisa kichwa, wakaendelea. Bega alimfuata akiutazama mgongo wake. Hakuwahi kujua kwamba ngazi zina upweke kiasi kile. Mtu mmoja ananusa hatari, mwingine anapanda ndani yake kama mtu apandaye ndani ya hewa safi.

Ghorofa ya pili mfagiaji alisema inazidi. Ya tatu, mlango ulifunguliwa, akatoka bwana mmoja aliyefunga tai, mkono ukienda kwenye swichi ya taa ya ngazi. Bega alimdaka kifundo cha mkono. Bwana yule alikasirika, akataka kujua anashikwa kwa nini. Alipoambiwa, alinusa, akageuka rangi, akashuka ngazi mbili mbili bila kufunga mlango wake.

Ghorofa ya nne milango ilikuwa miwili. Mfagiaji aliinama kwa Mwalimu na kurudi nyuma palepale, macho yakimtoka machozi.

Ndani, redio ilikuwa ikisema. Msomaji alikuwa amefika kwenye michezo, na michezo ndiyo hufunga taarifa. Kidole cha Bega kilikwenda kwenye kengele, kikarudi kama kimegusa kaa la moto. Alipiga mlango kwa kiganja.

"Mwalimu, ni Bega wa gesi. Usichomeke friji. Usiwashe kitu chochote. Njoo ufungue."

Ndala zilisikika zikikokota, zikasimama.

"Habari haijaisha," Mwalimu alijibu, kwa sauti ile ya darasani. "Na unanipigia makelele ya nini asubuhi yote hii?"

"Gesi imejaa humo ndani."

"Ningesikia harufu. Mtungi nimefunga mwenyewe jana jioni, na nimenusa."

Ndala zikaanza kuondoka. Bega aliyajua mapito ya nyumba ile: mkono wa kushoto chumbani, mkono wa kulia jikoni. Zilikwenda kulia. Redioni muziki wa kufunga taarifa ukaanza. Bega alisogeza mdomo kwenye tundu la ufunguo. Hakupiga kelele, aliogopa kelele zisingesikilizwa.

"Mwalimu, wewe husikii harufu. Na mimi sisikii. Ile nyama ilikuwa imeoza, niliiona kwa macho nikanyamaza. Nisamehe. Nakuomba ufungue."

Ndala zilikoma. Muziki ulipigwa mpaka ukaisha, tangazo la dawa ya meno likaanza. Bega alihesabu pumzi zake mwenyewe. Kisha ufunguo ukageuka.

Mwalimu alitoka akiwa na gauni la kulalia, mkono kwenye paji la uso. Alisema kichwa kinamuuma tangu alipoamka. Mfagiaji alimshika mkono akampandisha ngazi za kwenda paani, juu, kwa kuwa gesi haipandi. Bega aliingia. Alifunga vali, akafungua madirisha yote, moja baada ya jingine, polepole, chuma kisigonge chuma. Mpira wa ndani ulikuwa umekunjika upande mmoja, mkunjo mdogo kama mdomo wa mtu anayetaka kupiga mluzi. Ulikuwa umepumua hivyo usiku kucha, na Mwalimu alilala chumba cha pili.

Walikaa watatu juu ya ngazi kwa zaidi ya saa moja, wakazi wa jengo wakitoka nje chini yao. Mwishowe Mwalimu alimuuliza Bega yake ilianza lini. Bega akamwambia: miezi minane.

"Mimi sijui," alisema Mwalimu. "Chakula kiliniishia utamu nilipostaafu. Nilidhani ni upweke."

Mfagiaji aligeuza uso akatazama ukuta.

Mchana Bega alikwenda dukani, akaziweka funguo mezani mbele ya Bosi. Alimweleza yote, kuanzia maharage mpaka tundu la ufunguo. Bosi alisikiliza akichezea kifuniko cha kalamu. Bega alipomaliza, Bosi aliinuka, akafunga mlango wa ofisi, akauliza nani mwingine anajua. Bega akawataja wawili. Wawili si watu wengi, Bosi alisema. Habari ya jengo lile imeshafika mjini. Simu zimeanza kupigwa tangu saa nne, wateja wanamtaka yule wa povu, aliyeokoa watu ghorofa nzima. Hiyo ndiyo habari watu wanayoitaka, na ni ya kweli. Nusu ya pili haina faida kwa mtu yeyote.

Bega akauliza itakuwaje siku stoo ikivuja.

"Miezi minane haijavuja," alisema Bosi kwa upole, akizisukuma funguo kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, ambapo zingeanguka kama hakuna wa kuzidaka. "Kesho fungua kama kawaida. Jioni hii lori linashusha mitungi mia mbili, vijana wataipanga."

Bega alizidaka. Baadaye, njiani, alijiuliza kwa nini, na jibu alilolipata ni kwamba mkono ulizoea kudaka.

Jioni mkewe alipomkanda bega, alimweleza. Mkewe hakushtuka. Aliendelea kubonyeza kitambaa cha moto, akasema amejua tangu maharage. Alibadilisha mafuta ya nywele mara tatu tangu siku ile, ya mwisho yakiwa ya bei mbaya, na Bega hakusema neno. Tangu waoane hakuwahi kunyamazia mafuta ya nywele. Ndiyo maana alilihamishia jiko uani. Bega aliuliza mbona hakumwambia.

"Nilikuwa nakusubiri uniambie," alisema mkewe. Akakamua kitambaa. "Kesho nitakusindikiza. Nitakunusia mimi. Usiondoke bila mimi, baba watoto."

Bega akaitikia.

Lakini alfajiri, kabla ya jogoo wa pili, alikaa kitandani akamtazama amelala, mdomo umefunguka kidogo, kiganja chini ya shavu. Akaufikiria mlango wa stoo na mkewe amesimama mbele yake, akiinama kuvuta pumzi. Alivaa gizani. Viatu alivibeba mkononi mpaka nje ya geti.

Mbele ya stoo hapakuwa na mtu. Alama za matairi ya lori zilikuwa bado mbichi kwenye vumbi, na karibu na mlango palilala kifuniko kimoja cha vali ya mtungi, chekundu, ambacho hakikupaswa kuwa pale. Bega alikiokota, akakigeuzageuza, akakitia mfukoni. Alifungua kufuli la kwanza, kisha la pili. Alivuta milango kwa uangalifu mpaka ikakaa wazi kabisa. Ndani kulikuwa na giza, na mitungi mia mbili ambayo hakuipanga yeye. Alitega sikio. Hakusikia mlio, lakini barabara ya mbali ilishaanza kunguruma, na mlio mdogo hufichwa na kitu kidogo tu.

Hakuingia. Hakukaa kwenye kreti pia.

Mbwa mmoja mwembamba, asiye na mwenyewe, alikuja akiambaa na ukuta, akitafuta kitu cha kula. Alimtazama Bega, akaona hana jiwe, akaendelea. Alipofika usawa wa mlango alisimama, mguu mmoja wa mbele ukiwa bado hewani. Akainua kichwa kuelekea kwenye giza. Pua yake nyeusi, yenye umande, ilianza kucheza.

Bega alizuia pumzi, akaukazia macho mguu ule, aone utatua wapi.